Kijana mwenye mwili mkubwa apewe muda wa kufundishwa

Ndugu Mhariri,

Mwezi uliopita mlichapisha barua ya msomaji aliyeshauri vijana wa Kanda ya Kati wenye miili mikubwa watafutiwe njia ya kwenda Marekani kucheza mpira wa kule, ule wa kofia ngumu na mpira wenye umbo la yai. Hoja yake ilikuwa kwamba katika timu zao kuna nafasi za watu wa kusukumana tu, na kwamba hapo hatafutwi mwenye chenga wala mwenye mbio, anatafutwa mwenye kilo. Naomba nafasi nimjibu kwa heshima, maana nusu ya maneno yake ni kweli na nusu nyingine imeshaanza kuwaponza watu huku kwetu.

Vijana wapo, hilo simpingi. Nafundisha fizikia na michezo katika sekondari moja wilayani Kongwa. Msimu wa mahindi ukisimama soko la nafaka Kibaigwa utawaona wakipandisha magunia kwenye Fuso tangu alfajiri, na baadhi yao ni wanafunzi wangu wa juzi tu. Sasa hivi ninaye mmoja wa kidato cha tatu, urefu mita 1.93. Uzito wake tuliupima kwa mzani wa mahindi, ukasoma kilo 108, na bado anakua.

Kilichonifanya nishike kalamu ni mtu aliyefika nyumbani kwa baba wa kijana huyo. Alisalimia vizuri, akakaa, akamwambia mzee kwamba mwili wa mwanawe ni mali, kwamba Marekani wanawalipa watu wa namna hiyo mamilioni ya dola, na kwamba zinahitajika fedha kidogo za kuanzia maandalizi. Kiasi alichotaja hakikuwa kidogo. Mzee akaanza kuhesabu ng'ombe. Nashukuru kwamba alinipigia simu kwanza. Na aliponieleza alichoambiwa, kwamba kazi yenyewe haina ufundi, mtoto akifika tu anaingizwa uwanjani, nikaona maneno ni yaleyale niliyoyasoma gazetini.

Mimi nilikuwa mrusha tufe. Nilianza kuufuatilia mchezo huu nikiwa mwanafunzi UDOM, nilipogundua kwamba wengi wa wale wakubwa wa NFL, ligi kuu ya mchezo huo Marekani, walirusha tufe na kisahani walipokuwa shuleni. Nikataka kujua wanafanya nini na miguu yao. Tangu hapo bando langu limeishia huko, na ninachokijua nimekipata kwa kurudia video polepole, nikitazama mtu mmoja tu badala ya kufuata mpira.

Timu ina watu 11 uwanjani. Ikiwa na mpira, watano wanajipanga mstari mmoja mbele ya kotabeki, yule anayeupokea mpira na kuurusha. Hao watano kwa kawaida hawaruhusiwi kudaka pasi ya kwenda mbele. Mtangazaji huwataja wakikosea. Wana kazi mbili: kumfungulia njia anayekimbia na mpira, na kumlinda kotabeki kwa zile sekunde mbili na nusu au tatu hivi anazohitaji kuona nani yuko wazi.

Hiyo ya pili ndiyo inayowashinda vijana. Msomaji mwenzangu anadhani wanasukuma kwenda mbele. Kwenye pasi, mtu wa pembeni kushoto anarudi nyuma. Anarudi kwa mshazari, uso ukiwa mbele, huku anakuja mtu wa kilo 120 mwenye mbio ambaye anajua anakokwenda, na yeye hajui. Mpinzani anaweza kupita nje. Anaweza kujifanya anapita nje halafu akakata ndani, au akaamua kumvaa kifuani moja kwa moja. Mguu wa nje unateleza nyuma, wa ndani unaufuata, na miguu hiyo haipishani hata mara moja. Magoti yanakunjwa, nyonga zinakaa chini, mgongo unanyooka. Mikono inasubiri. Akiitoa mapema, mpinzani anaipangusa na kupita; akichelewa, kifua chake kimeshatiwa mikono. Viganja vitue katikati ya kifua cha mwenzake. Vikitua nje ya mabega na kung'ang'ania jezi, mwamuzi anatupa kitambaa cha njano na timu inarudishwa yadi 10. Akitikisika tu kabla mpira haujaanzishwa, yadi 5.

Kifizikia ni suala la kitovu cha uzito. Mwenye kifua cha chini anamwinua mwenzake, na aliyeinuliwa nyayo zake zinapoteza msuguano, kwa hiyo kilo zake zote hazimsaidii tena. Ndiyo maana utamwona mtu wa kilo 150 akirudishwa nyuma kama toroli na mtu mwepesi kuliko yeye.

Na hapo nimeeleza mtu mmoja dhidi ya mmoja. Wapinzani wawili huamua kubadilishana njia katikati ya mbio, huyu akaingia kwa yule na yule akazunguka nyuma yake. Majirani wawili kwenye safu wanatakiwa kukabidhiana watu hao bila kusemezana. Kila mmoja akimfuata wake, watagongana wenyewe na kotabeki atalala chini. Ugenini kelele za mashabiki huzidi kiasi kwamba hawasikii hesabu ya kotabeki, hivyo timu nyingi humtumia jirani wa mtu wa katikati kumpa ishara kwa kumgusa, na wengine wanaondoka kwa kuutazama mpira kwa jicho la pembeni. Hayo yote yamo ndani ya ile kazi inayoitwa ya kusukumana.

Nilijaribu na kijana wangu. Nilimchorea mstari wa majivu uwanjani, nikamwambia arudi kwa mshazari akinitazama usoni. Hatua ya kwanza ilikuwa nzuri, ya pili ikawa fupi. Ya tatu kisigino cha kulia kikaukanyaga mguu wa kushoto, akakaa chini kwenye vumbi. Huyu ni kijana anayebeba gunia la kilo 100 begani bila kuyumba. Tatizo lake ni magoti: kila akitaka kuharakisha anayanyoosha, na akishayanyoosha, mwanafunzi wa kidato cha kwanza mwenye nusu ya uzito wake anamgusa kifuani kwa viganja viwili na kumsogeza. Nilimwambia ajaribu taratibu, bila mtu mbele yake, bila kushindana na yeyote. Alipofanya taratibu miguu ilikaa sawa. Kasi ilipoongezeka kidogo, magoti yakanyooka tena. Anayeufahamu mwili wa mtoto anayekua anajua kwamba jambo hilo halirekebishwi kwa mahubiri wala kwa wiki chache.

Sasa nimweleze msomaji mwenzangu habari za Jordan Mailata, kwa sababu nahisi ndiye aliyekuwa akilini mwake alipoandika. Ni Mwaustralia wa asili ya Samoa, urefu mita 2.03, uzito kilo 165 hivi, aliyekuwa akicheza ragbi na vijana wa South Sydney Rabbitohs. Mwaka 2018 aliingia katika mpango wa NFL wa kuwaandaa wachezaji kutoka nje ya Marekani, akafanya mazoezi Florida, na mwaka huohuo, timu zilipopeana zamu kuchagua wachezaji wapya, Philadelphia Eagles wakamchagua katika raundi ya 7, ya mwisho, akiwa mtu wa 233. Alikuwa hajawahi kucheza hata mechi moja ya mchezo huo. Baadaye akawa bingwa: Februari 2025 Eagles waliifunga Kansas City Chiefs 40 kwa 22 kwenye Super Bowl, fainali ya ligi, huku kwetu ikiwa saa nane na nusu za usiku mchezo ulipoanza, na yeye ndiye aliyesimama pembeni kushoto. Mwaka 2021 alisaini mkataba wa miaka minne wa dola milioni 64, na 2024 akaongezewa mwingine wa miaka mitatu wa dola milioni 66.

Wanaokwenda kwa wazazi na simu zenye picha zake huanzia kwenye hizo dola. Kati ya 2018 na hizo dola kuna misimu miwili ambayo hakucheza mechi hata moja ya ligi. Mgongo ulimsumbua, akawekwa kando. Muda wote huo alikuwa darasani na uwanjani kwa kocha wa safu, Jeff Stoutland, aliyekuwa akifundisha safu ya Eagles tangu 2013, na alikuwa akimtazama kwa karibu Jason Peters, mkongwe aliyeishika nafasi hiyo. Peters mwenyewe alianza ligi kama mdakaji na ndipo akabadilishwa kuwa mlinzi wa pembeni. Mailata alianza mechi 2020, wakati majeruhi walipokuwa wengi. Mwaka 2021 ilimbidi agombee nafasi na Andre Dillard, ambaye Eagles walimchagua katika raundi ya kwanza, mtu wa 22, mwaka 2019, na akaipata.

Wachezaji wa NFL wanapojitambulisha kwenye televisheni hutaja chuo walichosoma. Mailata hakusoma chuo chochote kule. Akisimama mbele ya kamera hutaja Chuo Kikuu cha Jeff Stoutland. Mimi kama mwalimu nilipoliona hilo mara ya kwanza nilirudisha video nyuma nikasikiliza tena.

Kwetu tunaye wa kumkumbuka tunapozungumza haya. Hasheem Thabeet alizaliwa Dar es Salaam, urefu mita 2.21, alianza kikapu akiwa na miaka 15, akasoma Chuo Kikuu cha Connecticut, na mwaka 2009 Memphis Grizzlies wakamchagua mtu wa pili katika NBA nzima, mbele ya James Harden na Stephen Curry. Mtanzania wa kwanza kufika huko. Mchezaji anayechaguliwa wa pili hapewi muda: timu imetumia nafasi yake kubwa na mashabiki wanataka kuona kitu kesho yake. Katika msimu wake wa kwanza tu alipelekwa kwa muda katika ligi ya chini, na baadaye akahamahama Houston, Portland na Oklahoma City. Nimewasikia watu hapa Dodoma, kwenye vijiwe vya kahawa, wakimsema vibaya. Inaniumiza. Mtu aliyeushika mpira wa kikapu kwa mara ya kwanza akiwa na umri wa mwanafunzi wa kidato cha pili alikuwa anashindana na walioushika tangu chekechea. Wa 233 aliachwa ajifunze misimu miwili mbali na macho ya watu. Wa pili alitakiwa awe ameshajua. Nikiulizwa nani alipata bahati zaidi siku ya kuchaguliwa, nitamtaja Mailata.

Na sisi huku tunafanya hivyohivyo kwa watoto. Kijana mrefu anaonekana kwenye mashindano ya shule, anasifiwa, anawekwa timu, anapoteza mechi mbili, basi. Mwaka unaofuata hakuna anayemuuliza. Mkubwa kuliko wenzake anaitwa goigoi kwa sababu miguu yake haijaukuta mwili wake, wakati kinachotakiwa ni mtu wa kukaa naye mpaka miguu ifike. Nimeona hilo kwenye tufe, kwenye kikapu na kwenye soka, kwa wavulana na kwa wasichana. Wasichana wakubwa ndio huacha kabisa, wanavaa sweta jua kali ili wajifiche.

Kuhusu thamani ya mwalimu, nitoe mfano mwingine wa kule. New England Patriots walikuwa na kocha wa safu aitwaye Dante Scarnecchia. Alistaafu baada ya msimu wa 2013. Siwezi kusema timu ilikufa, maana msimu wa 2014 walitwaa ubingwa. Lakini Januari 2016, katika mechi ya kuwania kuingia Super Bowl, kotabeki wao Tom Brady aliangushwa na kugongwa na Denver Broncos mpaka ikawa shida kutazama, na wakatolewa. Wakamwita mzee arudi. Alirudi 2016, na Februari 2017 wakawa mabingwa tena, na Brady ni yuleyule. Timu yenye fedha nyingi ilikwenda kumgongea mlango mwalimu aliyestaafu.

Kuna upande mwingine ambao yule mgeni hakuugusa kabisa nyumbani kwa mzee, nao ni kichwa cha mtoto. Mike Webster alicheza katikati ya safu ya Pittsburgh Steelers, mabingwa mara nne katika miaka ya 1970. Alifariki 2002 akiwa na miaka 50, akiwa amevurugikiwa akili na maisha. Daktari aliyeuchunguza ubongo wake alikuwa Mnigeria, Bennet Omalu, na mwaka 2005 alichapisha alichokiona: madhara ya kugongwa kichwa mara kwa mara kwa miaka mingi. Katika safu watu wanagongana karibu kila mchezo unapoanza. Si kugongwa kukubwa kunakotangazwa, ni kudogokudogo, mara nyingi mno.

Wamarekani wenyewe wamelazimika kubadilika. Mkataba wa 2011 kati ya ligi na wachezaji ulipunguza mazoezi ya kugongana wakiwa wamevaa vikinga hadi 14 katika msimu mzima wa kawaida, na ukapiga marufuku mazoezi mawili ya namna hiyo kwa siku. Makocha wengi wa safu walilalamika, wakasema kijana atajifunzia wapi kumpokea mtu kifuani kama hagusani na mtu. Naelewa malalamiko yao kwa sababu nimeona magoti ya kijana wangu. Hata hivyo naona sheria ni sahihi. Maana yake ni kwamba kujifunza kumekuwa kwa muda mrefu zaidi, kwa miguu kwanza, kwa mikono, kwa video, kwa kutembea taratibu, na mgongano uje mwisho na uje kidogo. Anayeahidi njia ya mkato anaahidi kumpeleka mtoto kwenye migongano kabla hajajua kuipokea.

Sisemi watoto wetu wasiende. Nigeria wametoka watu. Roy Mbaeteka alisajiliwa na New York Giants mwaka 2022 kwa nafasi hiyohiyo ya pembeni, na nyuma yake alikuwepo Osi Umenyiora, bingwa mara mbili na Giants hao, ambaye amekuwa akiwatafuta na kuwafundisha vijana wa Afrika. NFL ilifanya kambi Accra 2022 na ikafika Nairobi 2023. Nairobi si mbali. Ningefurahi sana siku wakija Dodoma, ningewapanga vijana Uwanja wa Jamhuri mimi mwenyewe. Lakini katika njia hiyo kijana alipimwa mbele ya watu, akakimbia, akaruka, akafundishwa, na ndipo akasafiri. Hakuna aliyeanza kwa kuhesabu ng'ombe za baba yake.

Kwa sasa ninachoweza kumpa kijana wangu ni vitu vya kawaida. Anarusha tufe, maana kule kuteleza kinyumenyume ndani ya duara kisha kugeuka kunafundisha nyonga zilezile. Anaruka kamba. Anakimbia mita 20 kwa nguvu na kupumzika vya kutosha, badala ya kuzungushwa uwanja mzima kama adhabu. Anachuchumaa na kuinuka mbele yangu hadi niridhike na visigino vyake. Nimemwomba baba yake ampunguzie magunia siku za shule, kwa sababu mgongo wa miaka 17 haujakomaa, na mgongo ndio uliomweka Mailata nje. Mzee amekubali. Mama yake ameniuliza kuhusu chakula, nikamwambia maziwa, kunde, mayai yakipatikana, na ugali wa uwele anaoupenda aendelee nao. Hakuhitaji unga wa makopo unaouzwa mjini.

Huenda kijana huyu asiishike kofia ya NFL maishani mwake. Huenda akawa mrusha tufe wa mkoa, au akawa fundi, au akafundisha wengine. Haki yake ya kupewa muda wa kufundishwa ni ileile.

Ombi langu kwenu gazetini: mkiandika tena juu ya mchezo huu, mtuandikie pia alikofundishwa mchezaji, na nani, na kwa muda gani, kabla ya kutuwekea kiasi cha mkataba kwa herufi kubwa. Wazazi wanasoma. Hata wasiosoma wanasomewa na watoto wao.

Kuhusu yule mgeni, mzee na mimi tumeshakubaliana. Ng'ombe wanabaki zizini. Akirudi aje shuleni saa za kazi, aeleze mbele ya baba, mama, mkuu wa shule na mimi: kijana atafundishwa na kocha gani, mji gani, atasoma wapi, atakaa muda gani kabla ya kucheza mechi, na nani atalipia matibabu akivunjika mguu.

Mwalimu wa fizikia na michezo,
Kongwa, Dodoma